Hakuna Anayesoma Bahasha

King'ora kililia saa tano na dakika kumi asubuhi, na kabla hakijanyamaza geti la kituo cha kusafisha maji lilikuwa limeshafungwa, Sindano akiwa ndani.

"Mvujo wa klorini," alisema meneja bila kuinuka kwenye kiti chake. "Pole sana, Inspekta. Utaratibu wetu ndivyo ulivyo. Haingii mtu, hatoki mtu, mpaka mafundi waseme hewa ni safi."

"Watasema saa ngapi?"

"Hiyo itategemea hewa."

Meneja alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembelezea watoto, na Sindano alimchukia tangu alipompa mkono. Ushahidi wa kumchukia hakuwa nao, kwa hiyo alijizuia. Simu yake ilikuwa getini kwenye kisanduku cha mlinzi, maana kituo hakiruhusu simu ndani. Milango yote ya ndani ilifunguka kwa kadi, na kadi hakuwa nayo. Katika miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa amefungiwa sehemu nyingi, mara moja hata ndani ya jokofu la samaki, lakini hakuwahi kufungiwa kwa adabu namna ile.

"Nitakupa chumba cha mikutano upumzike," meneja alisema. "Kina kiyoyozi, na kuna maji ya kunywa."

"Maji yenu?"

Meneja alicheka, ila kicheko kilichelewa kidogo kufika.

Sindano halikuwa jina lake. Wenzake kituo cha polisi walimbatiza hivyo kwa sababu ya wembamba wake, na kwa sababu akishaingia mahali, mtu humhisi kwa siku kadhaa. Siku hiyo alikuwa amekuja kwa jambo moja. Mpimaji wa maji wa kituo hiki, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, hakuwa ameonekana tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Kwa miezi minne alikuwa akituma kwa siri, kwa wakaguzi wa serikali, vipimo vya kweli vya maji ambayo meneja aliyatia sahihi kuwa safi. Halafu akapotea. Halafu zikaanza kuja barua pepe kutoka kwake kwenda kwa dada yake: nipo salama, nimechoka na kazi, nimekwenda kupumzika, msinitafute. Tatu kwa jumla. Mkuu wa Sindano alizisoma, akazipenda, akampa mpaka jioni ya leo afunge jalada.

Mlinzi wa ndani alimpitisha kwenye korido yenye dirisha la kutazama uani. Ng'ambo ya ua palikuwa na stoo ya klorini, mlango wa kijani uliochorwa fuvu. Mbele ya mlango huo paka wa rangi ya majivu alikuwa amejilaza ubavu, anaota jua. Sindano alisimama. Paka alijilamba mguu, akapiga mwayo, akalala tena.

Gesi ikivuja, wa kwanza kukimbia ni mwenye pua kali. Hakukuwa na mvujo wowote. Geti lilikuwa limefungwa kwa ajili yake, na Sindano, ambaye hupenda kusema hana woga, aliogopa.

Pembeni ya dirisha ulining'inia ubao wa ratiba. Aliusoma kwa mazoea tu, kama anavyosoma kila kilichoandikwa ukutani. Maboza matano ya maji yalikuwa yamefutwa kwa sababu ya king'ora. La sita halikufutwa: *Boza 7, kuingia saa 9 alasiri, Pampu 2.*

"Twende, mama," mlinzi alimhimiza.

Kwenye chumba cha mikutano palikuwa na meza ndefu, viti kumi na viwili, na mlango uliojifunga wenyewe nyuma yake. Aliujaribu. Haukufunguka. Akakaa, akaomba aletewe fundi wa kompyuta wa kituo, na meneja, kwa ukarimu uleule, akamleta.

Fundi huyo waliyemwita Waya aliingia na kompyuta mgongoni na jasho usoni. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, picha zao akiwa amezibandika nyuma ya kitambulisho chake cha kazini. Sindano alimtilia shaka kabla hajaketi. Mpimaji aliwahi kumwambia dada yake kwamba kazini kuna mtu wa kompyuta anayechungulia barua za wenzake.

"Wewe ndiye unayesoma barua za watu?"

"Hapana, afande." Alisema kwa sauti ya juu isiyo na sababu. "Sisomi barua ya mtu." Kisha akanyanyua macho darini, kwenye kile kidude cha kunusa moshi, akaligusa sikio lake. Akaenda kwenye kiyoyozi, akakizungusha mpaka mwisho. Kiyoyozi kilikuwa kibovu, kikaanza kunguruma na kugongagonga.

"Sasa zungumza chini ya mngurumo wa hicho," alinong'ona. "Humu ndani hata ukipiga chafya, meneja anajua."

"Ulisoma barua zake?"

"Hazisomeki. Alikuwa anatumia Tarishi. Unaijua?"

"Nieleze kama mjinga."

"Unampa Tarishi barua, yeye anaipeleka, anayeipokea haoni imetoka kwa nani. Na njiani imefungwa, mtu wa katikati kama mimi hawezi kuifungua. Mimi naona kitu kimoja tu: kompyuta fulani imebisha hodi kwa Tarishi, saa fulani. Basi. Naona kwamba kuna bahasha, na inapelekwa posta ipi. Ndani sioni."

"Na hilo ulimwambia meneja."

Waya alifuta jasho. Kiyoyozi kiligonga mara tatu.

"Aliniuliza nani kati ya wafanyakazi mia moja na arobaini anatumia vitu vya siri. Nikamwambia ni mmoja tu, wa maabara. Nilidhani anataka kumpa onyo." Aliinamisha kichwa. "Afande, mimi ndiye niliyemuuza. Sikujua, lakini ni mimi."

Sindano alikuwa na maneno makali tayari mdomoni, akayameza. Yasingemsaidia mpimaji.

"Tangu apotee, kuna kompyuta nyingine iliyobisha hodi huko?"

"Ipo." Waya alitazama mlango. "Ile ndogo ya meneja, ya kubeba. Mara tatu. Jumatatu, Jumatano, na leo saa moja asubuhi. Na meneja, afande, mtu huyo hawezi hata kubadilisha neno lake la siri bila kuniita."

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Zilikuwa siku zilezile za barua tatu. Mpimaji hakuwa ametoka kwenda kupumzika popote. Alikuwa ameandika barua zile kwa kompyuta ya meneja, na kompyuta hiyo ilibisha hodi kupitia mtandao wa humu humu kituoni.

"Yupo humu ndani," alisema.

"Sijui wapi. Naapa kwa hawa," Waya akagusa picha za watoto. "Kituo kina ekari thelathini. Kuna mashimo na vyumba ambavyo mimi mwenyewe sijawahi kuviona."

Kiyoyozi kilizimika chenyewe.

"Kwa hiyo," Sindano alisema kwa sauti ya kusikika vizuri darini, "hujui chochote. Umenipotezea muda. Nenda."

Alipobaki peke yake alitoa barua zile tatu kwenye mkoba. Alikuwa amezisoma mpaka karatasi zimelegea. Maneno yalikuwa makavu, na kila neno lilikuwa limepita mbele ya macho ya meneja kabla halijatumwa. Humo hakuna siri iliyoweza kupita. Alizigeuza, akazitazama upya, safari hii akianzia juu kabisa, kwenye mstari wa Kutoka.

Asubuhi ile alikuwa amefika dukani kwa dada yake mpimaji, mshonaji wa nguo za harusi, mwanamke mkubwa wa mwili na mwenye ulimi usiolala. Mdogo wake alimwita Dada, wateja wakamwita Dada, na Sindano naye akajikuta anamwita Dada ingawa alimzidi miaka kumi. Dada ndiye aliyempa karatasi hizi, alizozichapisha kwenye duka la jirani.

"Kwenye simu yangu linaonekana jina tu, 'Mdogo wako'," alikuwa amesema. "Kwenye karatasi ndiyo nimeona hii mikorogo. Huwa hafanyi hivi. Yeye kila anayempa anwani anampa yenye jina lake. Muuza viatu anapewa viatu@tarishi. Hospitali, hospitali@tarishi. Siku ikija barua ya matapeli kwa anwani ya viatu, anajua muuza viatu ndiye aliyemuuza. Na jina lolote unalolibuni Tarishi inalikubali papo hapo. Mimi huwa naandikiwa kutoka dada@tarishi. Sasa tazama."

Barua ya kwanza ilitoka mpupa.limbi@tarishi. Ya pili, nichi.zinga@tarishi. Ya leo, zabo.ole@tarishi.

Sindano alidhani ni majina ya maduka. Akamtuma Sajini wake, kijana wa watu aliyepita umri wa kuitwa kijana, akatafute biashara zenye majina hayo. Sajini alirudi na habari za kinyozi mmoja anayejiita Zabo; alimhoji dakika arobaini, akatoka hapo yeye mwenyewe amenyolewa kichwa. Dada alicheka mpaka akatoa machozi, halafu machozi yakabaki ya kweli.

"Huyu mtoto alikuwa mjanja tangu zamani," alisema akipangusa macho kwa kipande cha hariri. "Tulikuwa tunaongea kinyume usiku kucha, mama asijue tunamsengenya. Kila kitu alikigeuza. Mimi peke yangu alishindwa kunigeuza, maana dada ukiligeuza ni dada tena. Aliudhika kweli."

Sindano aliyakumbuka maneno hayo sasa, kwenye chumba kilichofungwa, na kidole chake kikasimama juu ya mstari wa Kutoka.

Kinyume. Mchezo wa watoto wote: silabi ya mwisho unaileta mbele. Nyumba inakuwa mbanyu, sokoni shuleni kila mtu kaucheza, na kila mtu akikua anausahau.

Mpupa. Pampu. Limbi. Mbili.

Alifunika mdomo kwa kiganja. Nichi, chini. Zinga, ngazi. Pampu mbili, chini, ngazi. Meneja alikuwa amesimama mgongoni kwa mwanamke yule, akihakiki kila neno la barua, na juu ya barua hiyohiyo mwanamke yule alikuwa akiandika alikofungiwa. Labda alimwambia kwamba mashine ndiyo inayotoa majina ya ovyo. Na ni kweli, mashine nyingi hufanya hivyo.

Akafikia ya leo. Zabo, boza. Ole, leo.

Boza leo. Boza 7, kuingia saa 9, Pampu 2. Na asubuhi, wakati wa kumtembeza, meneja mwenyewe alimwonyesha pampu hiyo kwa mbali akisema imekufa tangu mwezi uliopita, inasubiri vipuri. Boza linakwenda kuchota nini kwenye pampu iliyokufa? Haliendi kuchota. Linakwenda kupakia. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini na tano. Baada ya saa tisa mpimaji angekuwa ndani ya tangi, na baada ya hapo asingepatikana tena na mtu yeyote, na Sindano angekuwa amekaa hapahapa akisubiri hewa iwe safi.

Alizunguka meza mara mbili. Kupiga kelele kungeamsha paka tu. Kumkabili meneja peke yake, bila simu, bila mwenzake, kungemfanya alete boza mapema. Alihitaji mtu wa nje, na njia ya kutoka nje ilikuwa moja, nayo ilipita kwenye mikono ya meneja. Mpimaji alikuwa amepita njia hiyo mara tatu.

Akagonga mlango.

"Mwambieni meneja nafunga jalada."

Meneja alikuja mwenyewe, mbiombio kidogo kuliko hadhi yake, na Waya nyuma yake amebeba kompyuta. Sindano aliketi kama mtu aliyechoka. Hilo halikumpa shida, alikuwa amechoka kweli.

"Nimezisoma barua zote," alisema. "Mwanamke amekwenda zake kupumzika. Tumehangaika bure."

"Nilikuambia, Inspekta. Wasichana wa siku hizi, kazi ikiwabana kidogo..."

"Tatizo ni dada yake. Amepanga kesho kwenda redioni kulia hewani, na kutaja kituo chako."

Uso wa meneja ulitulia kwa namna ya mtu anayepiga hesabu. "Mwandikie sasa hivi. Waya, fungua kompyuta."

"Barua ya kawaida haisomi. Asubuhi alinigombeza mpaka nikafungua akaunti kwa huyo Tarishi wao. Kasema nikitumia njia nyingine yoyote ataamini kuna mtu ananisimamia kichwani."

Meneja alitabasamu. Jambo hilo lilimfurahisha, pengine kwa sababu alikuwa anajiandaa kumsimamia kichwani. "Basi tumia hiyo. Nitasoma tu kabla hujatuma, usinielewe vibaya. Utaratibu."

"Soma kila neno, meneja."

Waya alifungua ukurasa wa Tarishi, akasogea pembeni. Sindano aliandika taratibu kwa vidole viwili, kama alivyoandika maelezo ya mashahidi maisha yake yote:

*Dada, nimefika kazini kwa mdogo wako na kuchunguza kila kitu. Nimeridhika kwamba amekwenda mapumzikoni kwa hiari yake. Nakushauri utulie nyumbani, usiende redioni. Nitakupitia kesho. Inspekta.*

"Vizuri sana," meneja alipumua karibu na shingo yake. "Tuma."

"Bado anwani."

Dada alikuwa amemwandikia kanuni kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Kwanza jina la kubuni, ndilo mpokeaji atakaloliona. Kisha alama ya kujumlisha. Kisha anwani halisi ya mpokeaji, ila mahali pa ile *a* yenye mkia unaweka alama ya sawasawa, maana mkia ni mmoja tu kwa bahasha moja, na huo ni wa Tarishi. Ukisahau, barua inakurudia mbele ya macho ya kila mtu.

Jina la kubuni. Alitaka kuandika *njoo sasa*, akashtuka. Sasa ni sawa na dada, haligeuki. Lingebaki uchi pale juu. Alihisi pumzi ya meneja. Akaandika:

*kashi.zabo.ombi*

Shika boza mbio. Mstari huo ulionekana wazi mno machoni pake, hata akashangaa ukuta hausomi kwa sauti. Akaweka alama ya kujumlisha. Akaandika anwani ya Dada, na kwa mazoea kidole kikapiga *a* yenye mkia. Akafuta. Akaweka sawasawa.

"Macho yangu haya," alisema.

"Ngoja," meneja alisema. Aliinama, akaweka kidole kinene juu ya kioo. "Hii ndiyo nini? Kashi, zabo. Ombi naijua, lakini kashi zabo?"

Sindano alikuwa na uongo mmoja tayari, ila ulikuwa uongo wa mtu asiyejua kompyuta, na meneja asingeumeza. Alinyanyua macho, yakakutana na ya Waya.

Waya alikuwa akisoma mstari ule. Midomo yake ilicheza kidogo sana, kama ya mtoto anayejifunza kusoma, kisha ikaacha kucheza. Rangi ilimtoka usoni. Alikuwa ameelewa. Neno moja kutoka kwake lingemrudishia usalama wake wote: mshahara wake, kadi yake, na meneja anayemwita *mwanangu*. Kwa pumzi mbili nzima Sindano hakujua kama ataokoka.

"Ni mashine, bosi," Waya alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuchoshwa na maswali ya kijinga. "Tarishi inazaa majina ovyoovyo ili mtu asifuatwe. Ukitaka nitakuonyesha, jingine litatoka baya kuliko hilo." Akainua mabega. "Yote yako hivyo."

Meneja alinyooka. Bila shaka alikumbuka majina mengine matatu ya ovyo aliyoyaona wiki hiyo, yaliyopewa maelezo yaleyale.

"Teknolojia," alisema. "Tuma."

Ilikuwa saa nane kasorobo. Kilichofuata kilikuwa kusubiri, na Sindano hakupata kusubiri kubaya namna ile. Dada angeweza kuwa anampima bibi harusi. Angeweza kusoma kwenye simu, akaona jina la Inspekta na maneno ya usaliti, akaangua kilio, asitazame bahasha. Kwa nini atazame? Hakuna anayesoma bahasha. Saa nane na nusu meneja alirudi na kahawa. Saa tisa kasoro kumi alianza kutazama saa yake. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa bado, na nje paka alikuwa amehamia kwenye kivuli.

Saa tisa kasoro tano kompyuta ililia.

"Amejibu," Waya alisema. Meneja aligeuza kioo kwake, akasoma kwa sauti:

"*Asante Inspekta. Nimekuelewa. Moyo umeshuka. Siendi redioni.*" Alifunga mikono kifuani. "Unaona? Kumbe ni mtu muungwana. Boza likishaingia tutakufungulia geti, Inspekta, nadhani hewa imekwisha kuwa safi."

"Na bahasha?"

"Bahasha gani?"

Sindano alisogea, akasoma mstari wa Kutoka. Moyo wake uligonga kama kile kiyoyozi. Ilikuwa imeandikwa *tige.dada@tarishi*.

Geti. Dada.

"Wiki nzima unasoma barua, meneja," alisema akiinuka. "Hukusoma bahasha hata moja."

Meneja alimtazama yeye, akatazama kioo. Alikuwa mtoto zamani, naye. Midomo yake ikaanza kucheza: *tige, ti-ge*. Nje honi ya boza ililia mara mbili kuomba kufunguliwa, geti likaanza kusaga kwenye reli yake, na nyuma ya honi hiyo ikasikika nyingine, ya gari la polisi, iliyolia mfululizo bila kuomba. Waya alikuwa ameshaweka kadi yake mlangoni. Mlango ulifunguka.

Dereva wa boza alikutwa amekaa na mikono juu ya usukani, akisema yeye ameajiriwa juzi tu. Sajini, aliyeitwa na Dada, mwenye kichwa kilichong'aa kwa kunyolewa upya, alimshika meneja kwenye korido, chini ya ubao wa ratiba. Sindano hakusimama kutazama. Alivuka ua akikimbia, Waya mbele na kadi, Dada nyuma akihema na futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni, kwa kuwa alitoka dukani kama alivyokuwa.

Pampu namba mbili ilikuwa kimya na baridi. Ngazi za chuma zilishuka gizani, na mwisho wa ngazi palikuwa na mlango wenye kufuli kubwa. Waya alilivunja kwa nondo. Mlango haukufunguka. Sindano aliusukuma kwa bega, ukakataa. Ulikuwa umezuiwa kwa ndani.

"Ameukinga kwa kitu," Waya alisema. "Amesikia boza."

"Fungua, mama, sisi polisi!" Sindano aliita.

Sauti iliyokauka ilijibu kutoka nyuma ya chuma: "Hata jana walisema polisi."

Dada alimsogeza Sindano kwa kiwiko, akabandika mdomo mlangoni. Alitaka kusema maneno mengi, yote yakamkwama, likatoka moja.

"Ni mimi. Dada."

Mdogo wake walikuwa wamemnyang'anya kila kitu mle ndani, wakamdanganya kwa sauti za kila namna, na hakuwa tayari kudanganywa tena.

"Ligeuze," sauti ilisema.

Dada alianza kulia na kucheka kwa pamoja, akaupiga mlango kwa viganja viwili.

"Haligeuki, mjinga wewe! Haligeuki!"

Ndani, bomba la chuma likaanguka sakafuni.